Mbwa Kaandikiwa Barua na Halmashauri: Utii, Uombe Mapitio au Uende Mahakamani?

Mbwa wa shemeji yangu anaitwa Watasema, na kweli wamesema. Jioni moja katikati ya msimu wa korosho alimng'ata kijana wa bodaboda kwenye shavu la mguu. Kijana aliingia uani kushusha magunia, mikono imejaa, hodi hakupiga. Siku ya tatu ikaja barua yenye mhuri wa halmashauri. Mbwa huyo, ilisema, amebainika kuwa hatari kwa wananchi, na mmiliki amkabidhi aangamizwe ndani ya siku tano.

Usiku uleule simu yangu ikalia. "Shemeji, hawa watu wananiulia mbwa. Kesho asubuhi twende mahakamani."

Nilimwambia atulie kwanza. Miaka kadhaa nilikaa ofisi ya kata nikiandika barua za namna hiyo, kwa hiyo najua zinavyotungwa: haraka haraka, kwa kunakili ya mwaka jana na kubadilisha jina. Lakini nilipokaa upande wa anayeipokea niliona njia zimejaa, na kila mtu anasifu yake. Mwenyekiti wa mtaa alisema mwoneni diwani. Mjomba alisema mpelekeni mbwa shambani usiku, kesi itakufa yenyewe. Wakili mmoja tuliyemkuta kwenye chai alitaja Mahakama Kuu. Dada yangu, ambaye ndiye mwenye nyumba hasa, aliuliza mbwa mwenyewe ana faida gani.

Njia hizo nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu wa Mtwara na Lindi, na kipimo changu ni kimoja: itafika kabla ya siku iliyoandikwa kwenye barua? Ukishinda mbwa akiwa ameshazikwa, hapo unachodai ni fidia.

Soma barua inasema nini hasa

Barua za mbwa huwa za aina tatu, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni onyo lenye masharti: mfunge mnyororo, jenga banda, weka uzio, mchanje. Ya pili ni kama ya shemeji, amri ya kumtoa au kumuua. Ya tatu ni wito wa kujibu kosa, ambao mara nyingi huja na karatasi ya faini. Njia inayofaa kwa moja inaweza kukuharibia kwa nyingine.

Halafu tafuta imetoka kwenye sheria gani. Mamlaka ya halmashauri juu ya mbwa wako hutoka zaidi kwenye sheria ndogo, zinazotungwa chini ya Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982: Sura ya 287 kwa halmashauri za wilaya kama Kilwa, Liwale au Tandahimba, na Sura ya 288 kwa miji na manispaa kama Mtwara-Mikindani, Lindi, Masasi au Nanyamba. Sheria ndogo ya halmashauri moja haivuki mpaka kwenda ya pili. Kwa hiyo usibebe nakala ya binamu yako wa Newala ukaipeleke Ruangwa. Tena sheria ndogo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, ina namba ya tangazo na mwaka. Barua isiyotaja namba hiyo, iulizie kwa maandishi. Barua ya shemeji haikutaja kifungu hata kimoja.

Mzizi wa pili ni Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, hapo suala likiwa kichaa cha mbwa. Wa tatu ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo inamfanya mkosaji mtu anayezembea kuchukua tahadhari juu ya mnyama wake anayeweza kuleta madhara. Huu wa tatu ni wa polisi na mahakama, na anayeshtakiwa hapo ni wewe mwenye mbwa.

Vijana wenye simu watakuonyesha mambo ya nje. Ni kweli Uingereza wana sheria ya mwaka 1991 inayotaja aina za mbwa waliopigwa marufuku, na mwisho wa 2023 wakamwongeza XL Bully. Ni kweli pia kwamba sehemu nyingi za Marekani ofisa humtangaza mbwa kuwa hatari, kisha mwenyewe hupewa siku chache za kukata rufaa na kikao kikaitishwa. Usiende na hayo kwenye ofisi ya kata. Watasema ni mbwa wa kienyeji kama wenzake wote wa mtaani, hana ukoo wa kutajwa. Kwetu utaulizwa amemuuma nani, alikuwa wapi wakati huo, na cheti cha chanjo kiko wapi.

Siku kumi

Kabla ya kulinganisha njia za kisheria kuna jambo la kitabibu ambalo, kwa maoni yangu, lina nguvu kuliko wakili yeyote.

Mbwa aliyeuma mtu huwekwa chini ya uangalizi siku 10. Sababu yake ni rahisi. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwenye mate siku chache tu kabla mbwa hajaonyesha dalili na kufa. Mbwa ambaye siku ya kumi bado anakula, anakunywa na kumtambua mwenyewe, siku ile alipouma hakuwa na virusi kwenye mate. Aliyeumwa huanza sindano papo hapo, bila kungoja, baada ya kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Lakini siku ya kumi ikifika na mbwa ni mzima, daktari anaweza kumsimamishia sindano zilizobaki. Mbwa akiuawa siku ya nne, jibu hilo limezikwa naye, isipokuwa kichwa kipelekwe maabara. Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, ina kituo Mtwara, ila sampuli inayotakiwa ni ubongo, na mbwa aliyepigwa rungu au risasi ya kichwa haachi ubongo wa kupimwa.

Sasa angalia hesabu ya shemeji. Barua ilikuja siku ya tatu na kutoa siku tano, maana yake mbwa afe siku ya nane. Zilipungua siku mbili tu. Hoja ya kwanza tuliyoiandika haikugusa haki za mwenye mbwa kabisa. Ilimhusu yule kijana wa bodaboda: mkimuua mbwa kabla ya siku ya kumi, mnamnyima aliyeumwa njia ya kujua kama yuko salama. Hoja hiyo inamtetea mlalamikaji na mbwa kwa pamoja, na ofisa wa mifugo anaifahamu kuliko wewe. Bwana mifugo alipoisoma aliguna, akasema, "Hili mngekuja nalo juzi, mzee, tusingefika huku."

Kama mbwa ameanza kubadilika, yaani anang'ata vijiti, udenda unamtoka, sauti imekauka, anawakimbilia hata watoto wa nyumbani, basi usisome zaidi. Hapo hakuna rufaa. Mfungie mahali, watu wakae mbali, mwite bwana mifugo.

Kutii au kupinga

Barua ikiwa ya masharti tu, ushauri wangu ni kutii. Najua inauma, hasa pale unapoona mbwa wa jirani anazurura bila kuguswa. Ila pima: mnyororo, chanjo na banda la miti na wavu ni gharama ya mara moja, na siku mbwa akiuma tena, mtu aliyetii ana kitu cha kuonyesha. Aliyebisha atakutwa na barua ileile ikimngoja kwenye faili.

Kutii kuna mtego wake. Sheria ndogo nyingi zina kipengele cha kufifilisha kosa: unakiri kwa hiari, unajaza fomu, unalipa, mambo yanaishia ofisini bila kwenda mahakamani. Kwa mtu ambaye kweli mbwa wake alikuwa barabarani bila kamba, hiyo ni nafuu kubwa. Kwa mtu anayetaka kupinga kwamba mbwa wake ni hatari, fomu hiyo ni kamba anayojivisha shingoni, maana umekiri kwa maandishi na saini yako ipo. Nimeona watu wakiijaza wakidhani ni risiti. Kama unataka kufuata masharti huku ukiendelea kupinga, andika barua fupi: nimefunga mbwa na nimemchanja kama mlivyoelekeza, lakini sikubali kwamba kosa lilitendeka, na naomba kusikilizwa.

Na ule ubao wa MBWA MKALI getini? Watu huuweka kutisha wezi wa korosho, na unasaidia kidogo. Siku ya ugomvi unageuka shahidi kwamba ulijua fika mbwa wako ni mkali. Mimi ningeandika PIGA HODI, MBWA YUPO. Unaonya mgeni bila kumshtaki mbwa.

Barua ikiwa ya kuua, pinga, na upinge siku hiyohiyo.

Mkurugenzi, diwani, mkuu wa wilaya

Milango hii mitatu watu huiona sawa kwa sababu yote ina viti vya kungojea. Kazi zake ni tofauti.

Mkurugenzi wa halmashauri ndiye mwenye uwezo wa kusimamisha barua iliyotoka ofisini kwake. Barua kwake ni ukurasa mmoja, nakala kwa mkuu wa idara inayoshughulikia mifugo, mwanasheria wa halmashauri na mtendaji wa kata. Andika tarehe ya kuuma, siku ya kumi inaangukia lini, chanjo ilichomwa lini, tukio lilitokea ndani ya ua au nje, na kwamba hukuitwa kusikilizwa. Hilo la mwisho lina mizizi kwenye Katiba, ibara ya 13(6)(a): chombo kinapoamua juu ya haki au wajibu wa mtu, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na pia kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Halafu omba mambo mawili tu: utekelezaji usimame hadi uangalizi uishe, na upewe siku ya kusikilizwa. Ukiomba mambo kumi utajibiwa lile jepesi.

Hakikisha nakala yako inagongwa mhuri wa kupokelewa, tarehe ikiwemo. Karani akikwambia mhuri umefungiwa kabatini, kaa hapo hapo hadi kabati lifunguliwe. Sisi tulikaa tangu saa mbili asubuhi hadi baada ya adhuhuri. Mambo yote yaliyofuata yalisimama juu ya mhuri ule.

Diwani ni mtu wa kubadili sheria ndogo yenyewe. Vikao vya kawaida vya baraza la madiwani ni vya kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo hesabu mwenyewe kama mbwa wa siku tano atakingoja. Anaweza kupiga simu, sawa, na simu ya diwani si haba. Lakini simu haina mhuri.

Mkuu wa wilaya husikiliza kero, na anaweza kumwuliza mkurugenzi kulikoni. Si ngazi ya rufaa. Nenda huko barua yako kwa mkurugenzi ikikaa bila jibu na siku zimekwisha, uende na ile nakala yenye mhuri.

Jirani

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na ndipo watu wengi hupaharakisha.

Tulidhani mlalamikaji ni kijana wa bodaboda. Shemeji alikuwa ameshamlipia nauli ya hospitali na sindano, na siku alizokaa bila kuendesha akampa chochote. Kijana mwenyewe alisema hana neno. Basi nani aliandika? Mtendaji wa mtaa, baada ya kuzungushana kidogo, akasema malalamiko yaliletwa na mama mmoja wa nyumba ya nyuma, tena si mara moja.

Tukaenda kwake jioni, mimi na dada, bila shemeji. Tulimwamkia, tukakaribishwa mkekani, ikapita habari ya mvua na ya bei ya korosho, ndipo akasema. Kila alfajiri akienda msikitini, Watasema humfuata hadi kona akimnusa buibui. Mara mbili amerudi nyumbani kuoga upya na kubadili nguo, maana mate ya mbwa ni najisi, na kwa madhehebu yetu ya Shafi huku pwani kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Swala ya jamaa imempita. "Mimi sikutaka mbwa auawe," alisema. "Nilitaka afungwe alfajiri. Nilimwambia shemeji yenu, akacheka."

Amecheka. Mwaka mzima wa kero na kuumwa kwa kijana, vikaingia kwenye faili moja.

Kwa mikoa yetu hili lina uzito ambao mtu wa mbali hawezi kuuona. Watu hapa wanafuga mbwa, wa kulinda mikorosho, wa kuwafukuza nguruwe pori na ngedere kwenye mihogo, na dini haikatazi mbwa wa kazi. Lakini mbwa wa kazi anatakiwa abaki kazini. Anayezurura njia ya msikitini amekuwa jambo jingine, na malalamiko yatavaa nguo yoyote ile, iwe ni kubweka au ni kuuma, mradi yafike ofisini.

Ukilinganisha na ofisi, njia ya jirani ni ya siku moja au mbili, gharama yake ni nauli na pengine sukari, na matokeo yake yanaweza kuandikwa: makubaliano mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wawili, saini. Baraza la kata nalo kazi yake ya msingi ni kusuluhisha, kwa hiyo wakigoma kuonana ana kwa ana, hapo ndipo pa kwenda. Udhaifu wake ni mmoja: makubaliano na jirani hayaifungi halmashauri. Jirani akifuta malalamiko, barua bado ipo. Ndiyo maana hatukuitumia peke yake. Tuliyapachika makubaliano hayo nyuma ya barua ya mkurugenzi siku ya pili yake, na nadhani ndiyo karatasi iliyosomwa kwanza.

Mahakama ya Mwanzo na Mahakama Kuu

Shemeji alipotaka "mahakamani" hakujua anataka ipi.

Mahakama ya Mwanzo utaikuta halmashauri ikikushtaki kwa kuvunja sheria ndogo. Huanzishi wewe, unajibu. Faida yake ni kwamba iko karibu, lugha ni Kiswahili, na ukikana kosa ni halmashauri inayotakiwa kuthibitisha: mashahidi waje, sheria ndogo iwekwe mezani na namba yake. Kesi nyingi za barua za kunakili huteleza hapo. Usiporidhika na hukumu, rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ni ndani ya siku 30. Kukata rufaa peke yake hakuzuii amri kutekelezwa, kwa hiyo omba zuio kwa maandishi. Mtu mwenye risiti ya chanjo, picha ya uzio na shahidi mmoja anayeeleweka anaweza kujitetea mwenyewe hapo bila aibu.

Mahakama Kuu ni safari nyingine. Kwa mikoa yote miwili ipo Mtwara mjini. Mtu wa Shangani anakwenda kwa miguu, ila mtu wa Liwale, hasa masika, aage nyumbani. Unachoomba kule ni mapitio ya uamuzi, na jaji hatakwambia kama mbwa ni mpole. Ataangalia kama halmashauri ilikuwa na mamlaka, kama ilikusikiliza, kama ilifuata utaratibu. Kwanza unaomba kibali, na kibali huombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Jaji anaweza kuelekeza kibali hicho kisimamishe utekelezaji, na hapo ndipo penye thamani yake kwa mbwa aliye hai. Lakini utaulizwa kama uligonga milango ya ndani kwanza, na utahitaji wakili. Ukishinda, uamuzi unatenguliwa. Halmashauri inaweza kukuita, ikakusikiliza vizuri safari hii, na ikaamua vilevile.

Ipo na kesi ya fidia, mbwa akiwa ameshauawa. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kuishtaki halmashauri kunapita njia ya kuishtaki Serikali: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Kwa mbwa wa ulinzi wa kampuni aliyefunzwa kwa mamilioni, labda. Kwa Watasema, utauza korosho za msimu mzima kudai thamani ya mbwa uliyepewa bure akiwa mtoto.

Njia isiyo na ada

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, hupokea malalamiko ya mtu aliyeonewa na ofisi ya umma, bila malipo, na ina tawi Lindi. Kwa mtu wa Nachingwea au Mtama ni karibu zaidi kuliko Mahakama Kuu. Inachunguza, inaita pande mbili, inatoa mapendekezo. Haigusi jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo ukianza huku na kule kwa pamoja umejifungia mlango mmoja. Kwa mbwa mwenye siku tano ni polepole. Kwa mtaa ambao mgambo wamepita wakiua mbwa wenye cheti na wasio nacho bila kumwita mtu yeyote, mimi ningeanza huko, watu kumi kwa barua moja.

Msaada wa kisheria upo pia kwa Sheria ya mwaka 2017. Wasaidizi wa kisheria hawatakusimamia Mahakama Kuu, ila barua ya mkurugenzi watakuandikia vizuri kuliko binamu yako.

Kumhamisha usiku

Hii ndiyo njia ya mjomba, na kusema kweli ndiyo inayotumika zaidi. Haina foleni wala nauli kubwa. Mbwa anapanda nyuma ya pikipiki ndani ya gunia, anashushwa shambani kwa ndugu, barua inakosa mtu.

Ni mbaya kuliko zote. Umevunja uangalizi wa siku 10, kijana aliyeumwa amebaki gizani, na kosa ambalo lilikuwa la mbwa sasa ni lako, la kuficha. Isitoshe, huko shambani ndiko hatari iliko. Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa Lindi na Mtwara tangu 2011 walikuta sehemu kubwa ya wanyama walioambukizwa si mbwa, ni wanyamapori, hasa mbweha. Kanda hii ilikuwa kwenye mradi mkubwa wa chanjo ya mbwa wa kusini mashariki kati ya 2010 na 2015, na mbwa wakachanjwa vijijini kampeni baada ya kampeni. Mbweha hajaonyesha cheti kwa mtu. Mbwa unayempeleka pembeni ya pori bila chanjo, ukamfunga kwenye mkorosho usiku kucha, unaweza ukawa ndiyo kwanza unamtengenezea ule ugonjwa uliokuwa unakana kwamba anao.

Tulivyochagua

Tulikwenda kwa jirani jioni ya siku ya nne, kwa mkurugenzi asubuhi ya siku ya tano, na Watasema akafungwa kuanzia usiku wa ile simu. Mahakama tuliiacha mfukoni. Bwana mifugo alikuja mara tatu kumwangalia, mara ya mwisho siku ya kumi na moja, maana ya kumi ilikuwa Jumapili. Akaandika: mzima.

Jibu la halmashauri lilichukua wiki mbili. Amri ya kuua imeondolewa, badala yake masharti manne: uzio, mnyororo kuanzia magharibi hadi jua litoke, chanjo kila mwaka, na mgeni asiingie uani mbwa akiwa huru. Neno "hatari" limebaki kwenye faili, na shemeji bado analalamika kuhusu hilo kila akiona karatasi ile. Nilimwambia akitaka lifutwe, miezi sita ya kibali inahesabika, aniambie mapema. Akaniuliza uzio umegharimu kiasi gani hadi sasa. Nikamtajia. Akaenda kumpa mbwa maji.

Kijana wa bodaboda anaendelea kuleta magunia. Huwa anasimama nje ya geti, anapiga honi, na hashuki kwenye pikipiki hadi aone mnyororo umekaza.